Kutikisa Finjani

Zamani "sukari" lilikuwa jina la kumwitia mke.
Nikirudi na vumbi la njia ya Nizwa masikioni,
"Sukari, upo?"
na Ghaliya hujibu kutoka jikoni,
"Sipo, nimekwisha, kanunue nyingine."

Kisha nesi wa kituo cha afya cha Al-Khodh,
binti wa Kerala, Kiarabu chake cha kuhesabia tu,
akanitoboa kidole, akasoma kijimashine:
"Sukkar, baba. Kumi na nne."
Kumi na nne! Kama mwezi.
Nilidhani ananisifu.

Nilikataa. Nilimwambia
mashine yako ndiyo iliyokula tende, si mimi.
Vidonge nikaviweka nyuma ya chetezo,
kila asubuhi nikivipita kama mtu anayenidai.
Mwaka mzima hivyo:
msalani mara tano kwa usiku,
na kiu ya aliyevuka jangwa kwa miguu
ilhali nimelala chini ya kiyoyozi.

Mguu ndio ulionisema.
Ijumaa ya Juni, natoka msikitini,
viatu vyangu vimeondoka na mwenyewe mwengine.
Nikavuka lami peku hadi garini
na sikuhisi kitu.
Hapo ndipo penye hofu: sikuhisi kitu.
Jioni mjukuu wangu Yaarubi akaniinamia,
"Babu, unyayo wako umefura kama chapati."

Ghaliya hakupiga kelele.
Alileta beseni, akavua pete asinikwaruze, akakaa chini.
Miaka thelathini na tisa ya ndoa
sijapata kuutazama utosi wake vile,
mvi zimejigawa katikati kama wadi iliyokauka.
Akasema bila kuinua uso:
"Mjomba Seifu alikatwa kidole, kisha mguu, kisha akanyamaza.
Wewe tukukate ubishi, inatosha."

Tangu siku hiyo tunaishi watatu nyumbani.
Huyu wa tatu hapendi harusi,
hapendi wali ukilundikwa kwenye sinia,
nikichelewa kula hunitia giza machoni
na mikono hunitetemeka kama ya mwizi.
Ni jirani wa ukuta mmoja:
humpendi, lakini unajua anakohoa saa ngapi.

Alfajiri nazunguka kando ya wadi
kabla jua halijachomoa kisu,
soksi nyeupe na raba chini ya kanzu;
watoto wa shule wanacheka, nawapungia.

Lililouma kuliko sindano ni Ramadhani.
Daktari alisema usifunge.
Nikawa nakula mkate wa shayiri jikoni, mlango nimeurudisha,
najificha na nyuso za picha ukutani.
Siku ya nne Ghaliya akaingia na saumu yake,
midomo imekauka,
akavuta kiti, akanimenyea tango.
Hakusema neno. Nikala.

Idd, barazani kwa Bwana Muhenna,
halwa ilikuja ingali na joto, zafarani na samli,
harufu yake inakushika kola.
"Chukua, kijiko kimoja hakiui!"
Sahani nikaipisha kwa jirani.
Tende nilichukua moja, khalas,
nikaila polepole kama mtu anayesoma barua,
mpaka kokwa ikawa safi.

Huku kwetu mgeni hasemi "basi".
Hutikisa finjani, kulia, kushoto,
na mwenye dele huelewa, hamimini tena.
Watu wananiona natikisa mapema.
Sisemi kwa nini. Bwana Muhenna naye,
nimemwona, chini ya meza
anajikuna vidole vya miguu
kama anayevihesabu.
Kesho nitampitia tutembee.

Nimerudi. Nimejitoboa mwenyewe, tone dogo, jekundu,
dogo kuliko punje ya mtama.
"Sukari, upo?"
"Nipo. Ngapi leo?"
"Saba."
"Saba si mwezi."
Si mwezi, mama. Ni nusu yake.
Lakini mlango nauona.